Vema Themanini na Mbili

Kwanza tuelewane: Kitinda hakuwa mvivu. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua watu. Mtu akishasikia mwisho wa jambo hili atabetua midomo na kuuliza, kwani nusu saa kwa siku ni kazi gani? Nusu saa! Hivyo ndivyo wanavyosema wale ambao hawajawahi kukaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi, saa nzima, wasijue ya pili iko wapi wala kwa nini waitafute.

Waliomwita Kitinda ni wa nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yake. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi: mashuka ya hoteli, foronya, sare za wahudumu. Mwaka ule ulimchapa kutoka kila upande. Mume wake aliondoka bila hata ugomvi, akaaga kama anayekwenda kununua kiberiti, na mpaka leo kiberiti hicho hakijapatikana. Kule kwa dobi, wapiga pasi wanne walipunguzwa wakabaki wawili. Mashuka, bila shaka, hayakupunguzwa. Kisha Jumanne moja asubuhi mama yake alikuwa akishona shati la bwana harusi, mkasi ukamponyoka, akainama kuuokota, asiinuke tena. Kiharusi. Kitinda akafunga chumba alichopanga, akabeba nguo zake kwenye mifuko miwili, akarudi kuishi na mama.

Mama huyo watu walimwita Mama Kola. Mafundi cherehani wapo wengi, na shati kila mtu anajua kulishona, lakini kola ndiyo inayomuumbua fundi. Wengine wakifika kwenye ncha huisukuma kwa mkasi mpaka kitambaa kinatoboka, au huiacha butu, mvaaji anaonekana kama shati si lake. Mama Kola alikuwa na kidole gumba. Akiibana ncha kati ya gumba na cha shahada, akasukuma mara moja kwa ukucha, basi, kola imekaa, ncha mbili kama pacha. Mafundi wenzake walikuwa wakimletea mashati yaliyokwisha kushonwa, yamebaki kola tu. Na kiharusi hicho, kama vile kilikuwa na macho na roho mbaya, kilichukua mkono huohuo wa kulia. Mguu ulirudi baada ya wiki tatu, akawa anachechemea. Ulimi ulirudi, mzito kidogo. Mkono ulilala mapajani umefumba, na cherehani ikafunikwa kitambaa.

Hospitali wakawapeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wagonjwa wa korido ile walimpa jina la Nyoosha, kwa sababu kutwa nzima sauti yake ilisikika nje ya mlango: "Nyoosha! Nyoosha tena! Usinionee huruma, nyoosha!" Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa, na uchovu wa mtu anayewapenda wagonjwa wake kuliko mshahara wake. Aliushika mkono wa Mama Kola, akaugeuza, akaubonyeza huku na kule.

"Huu haujafa," alisema. "Umesahau tu. Kazi yenu ni kuukumbusha, kila siku, nusu saa. Miezi mitatu hii ya kwanza ndiyo mkono unafundishika. Ikipita, kinachobaki ndicho hicho."

"Kitarudi kidole gumba?" Mama Kola aliuliza. Hakuuliza kuhusu mkono.

"Mkifanya kila siku, nina matumaini. Tena makubwa."

Akampa Kitinda karatasi yenye visanduku themanini na vinne, wiki kumi na mbili. Siku mkifanya, mnatia alama ya vema. Siku ya themanini na tano mnamletea, anapima, anaamua. Walipotoka, mama mmoja mwenye mwavuli aliyekuwa kwenye benchi, mmoja wa wale ambao huugua miaka miwili na kujua mambo ya hospitali kuliko madaktari, akamvuta Kitinda nguo. "Angalia sana, binti. Ukikosa siku kumi wanakutoa. Foleni ni ndefu, nafasi wanampa mwingine." Kitinda alimshukuru. Jamani, kuna watu wangekuwa bubu dunia ingepona.

Kitinda alijifunga kibwebwe. Kaka yake mkubwa, aliyeishi mbali na kutuma ushauri zaidi ya kitu kingine chochote, alimwandikia ratiba nzima kwenye simu: kuamka saa kumi na moja, maji ya uvuguvugu saa kumi na moja na robo, mazoezi mpaka kumi na mbili kasoro robo, chai, kazini. Chini yake ameandika, "Nidhamu, dada, nidhamu!" Tangu siku hiyo Kitinda na mama yake walimwita Ratiba, na akipiga simu waliangaliana wakabana kicheko.

Siku tisa za kwanza zilikwenda vizuri. Kukunjua vidole kimoja kimoja, kukamua taulo, kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa bakuli, kusukuma chupa tupu mezani mbele na nyuma. Mama Kola alitokwa jasho kama aliyepanda mlima. Vema tisa zilikaa kwenye mstari.

Siku hiyo ya tisa, mwenzake wa kupiga pasi hakuja kazini. Kitinda alipiga pasi mashuka ya watu wawili, akarudi nyumbani miguu imevimba, akajilaza kidogo tu, na viatu vyake. Alipoamka ilikuwa asubuhi ya siku ya kumi na amechelewa kazini. Kisanduku kimoja kitupu. Si kitu. Lakini nyie mnaijua aibu ilivyo. Haiji mikono mitupu. Siku ya kumi na moja aliitazama ile karatasi ukutani, akaona kwanza pengo, hakuziona vema tisa. Akajiambia, leo nimechoka, nikifanya nusunusu nitaharibu, bora nianze vizuri Jumatatu.

Jumatatu! Siku hiyo imebebeshwa ahadi za dunia nzima, na mimi sijamwona mtu aliyetimiziwa. Jumatatu ile alifanya, Jumanne hakufanya. Jumatatu iliyofuata hivyohivyo. Alikuwa na Jumatatu nne za namna hiyo, na kila moja ilimwacha chini kuliko alipokuwa. Asubuhi alifungua macho na jambo la kwanza kumjia lilikuwa orodha: sufuria za jana, dawa za mama, nguo za mama, mashuka, mkono. Orodha ikiwa ndefu kiasi hicho mtu haanzi popote. Anakaa na soksi. Hakulia, maana kulia kunataka nguvu. Alikuwa anaona kwamba maisha ni chumba ambacho vitu vimerundikwa mpaka mlangoni, na yeye yuko nje, na hakuna mtu atakayekuja kusaidia kuvitoa.

Laiti mama yake angegomba! Mama Kola alikuwa na ulimi mkali enzi zake. Fundi aliyeharibu kola aliambiwa mbele ya wateja. Lakini sasa alinyamaza. Saa ya mazoezi ikifika alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, mkono wa nguo ameupandisha mpaka kwenye kiwiko, na kwa mtu mwenye mkono mmoja kazi hiyo inahitaji meno. Anangoja. Kitinda akipita na kusema, "Mama, leo mwili umenikataa," yeye anajibu, "Kesho ipo, mwanangu. Kalale." Kisha anauteremsha mkono wa nguo polepole. Kitinda aliliona hilo kila siku kwa pembe ya jicho. Usifikiri hakuliona. Lilimkata maini, na bado hakuweza, na kwa kuwa hakuweza alijichukia, na mtu anayejichukia ana nguvu gani za kumnyoosha mwingine vidole?

Wiki zikaenda hivyo. Siku sabini na tatu, vema kumi na tatu.

Siku ya sabini na nne hakuamua lolote. Nataka mlijue hilo. Hakuapa, hakuandika, hakumpigia Ratiba. Alikuwa amesimama jikoni akingoja maji ya kumwogesha mama yachemke, na mama ameketi kando yake kwenye kigoda, na mikono ya Kitinda haikuwa na kazi. Akauchukua ule mkono uliolala, akafungua gumba, akafunga, akafungua. Mara kumi, labda kumi na tano. Maji yakachemka. Basi.

Kesho yake maji yalichemshwa tena, kwa kuwa mtu huoga kila siku. Akafanya tena. Siku ya tatu alijikuta ameweka maji mengi zaidi ili yachelewe kuchemka, akacheka mwenyewe. Siku ya nne mama alikuja na vibanio vya nguo mfukoni. Siku ya sita maji yalichemka yakapungua nusu na wao bado wanahesabu, na ilikuwa nusu saa kamili, na Kitinda akaenda kazini akiwa amevaa soksi zote mbili.

Siku ya nane ya mwanzo huo mpya, Mama Kola alisema, "Ngoja. Achia." Kitinda akaachia. Walikitazama kidole gumba. Hakikufanya kitu. Wakakitazama. Kisha kikasogea, kidogo sana, kama mtoto anayejigeuza usingizini, kikarudi.

"Umekiona?"

"Nimekiona, Mama! Tena!"

Kikasogea tena. Kitinda alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mama Kola akakiangalia kidole chake kwa dharau ya mapenzi. "Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, ulimi ukivuta maneno. "Hiki changu hata kumtisha hakiwezi. Lakini kimeamka, mwizi huyu." Wakacheka mpaka machozi, na siku hiyo ndiyo siku pekee ya furaha niliyo nayo ya kuwasimulia, kwa hiyo msiipite haraka.

Siku kumi na moja mfululizo alifanya. Siku ya themanini na nne, jioni, alirudi kutoka kazini mapema, akaitoa karatasi ukutani ili aitie kwenye mkoba wa kesho. Ndipo alipoiona vizuri. Tisa mwanzoni, kumi na moja mwishoni, na katikati jangwa lenye Jumatatu nne. Visanduku sitini vitupu. Akamkumbuka mama mwenye mwavuli: ukikosa siku kumi wanakutoa. Yeye amekosa sitini. Watamtoa mama, sasa hivi, kidole kikiwa ndiyo kwanza kimeamka! Na Nyoosha atamwangalia usoni. Atauliza, ulikuwa unafanya nini, binti? Na jibu ni lipi? Nilikuwa nimekaa?

Akachukua kalamu.

Hebu fikiri jinsi mtu huyo alivyojitahidi. Vema sitini si kazi ndogo. Alitumia kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, ili zisifanane. Nyingine alizitia kwa haraka, nyingine kwa kutulia, moja akaipinda kama aliyesukumwa kiwiko. Alidondosha tone la chai kwenye wiki ya saba. Angeziweka juhudi hizo mahali pengine, lakini ndivyo tulivyo: uongo tunauhudumia kwa bidii kuliko kweli.

Aliponyanyua macho, mama yake alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama hapo kwa muda.

"Acha viwili vitupu," Mama Kola alisema. "Hakuna binadamu anayemaliza zote."

Kitinda akaacha viwili. Vema themanini na mbili.

Asubuhi iliyofuata Nyoosha aliipokea ile karatasi, akaipitishia macho, kisha akaipitia tena. Uso wake ulichanua. "Siku mbili tu! Siku mbili tu mmekosa? Mimi hapa naletewa karatasi zenye mashimo kama chujio." Akamgeukia Mama Kola. "Haya, Mama, tuone kazi."

Mama Kola aliuweka mkono mezani. Akavuta pumzi, akaukaza mwili mzima mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na kidole gumba kikasogea. Nyoosha akaweka rula ya plastiki. "Tena," akasema. Kikasogea tena, upana wa ukucha. Kitinda alikuwa anatabasamu. Alimtazama Nyoosha akingoja naye apige kelele.

Nyoosha aliitazama rula, akaitazama karatasi, na ule uso uliochanua ukanyauka.

"Na vidole vingine?"

"Bado."

Nyoosha aliiweka rula chini. Kisha akavuta kiti akaketi karibu nao, na mtu wa hospitali akivuta kiti ujue mambo yameharibika. "Sikilizeni," akasema kwa upole. "Mtu akikosakosa siku, akaniletea ukucha huu, mimi nafurahi. Namwongezea wiki sita, namwambia sasa kaza. Nimewaongezea wengi. Hata aliyekosa mwezi mzima namwongezea, kwa nini nisimwongezee? Huyo mkono wake bado haujajaribiwa. Lakini ninyi mmefanya siku themanini na mbili. Mmeufundisha kila siku, katika wakati wenyewe wa kufundishika, na umejibu hivi. Basi hili ndilo jibu lake."

Kitinda aliitazama karatasi yake. Kumbe hawatoi mtu. Kumbe yule mama na mwavuli wake! Kumbe kisanduku kitupu kilikuwa na thamani kuliko kilichojaa. Ukucha ule ulikuwa kazi ya siku kumi na moja, na yeye ameueneza juu ya siku themanini na mbili mpaka umekuwa si kitu.

"Lakini nauliza," Nyoosha akaendelea, maana alikuwa mtu makini. "Mama, niambie wewe mwenyewe. Ni kweli mmefanya kila siku?"

Kitinda alifungua mdomo. Mama yake alikuwa ameshajibu.

"Kila siku," alisema Mama Kola. "Hizo mbili nilikuwa na homa. Binti yangu hajawahi kunikosea."

Alilisema kwa uso mkavu, kama anavyomhakikishia mteja kwamba shati litakuwa tayari Ijumaa. Na Kitinda akafunga mdomo. Nimemlaumu kwa hilo, na nikakaa nikafikiri, nikaacha. Ungesema nini hapo, mbele ya mgeni, juu ya neno la mama yako? Nyoosha akaandika kwenye faili neno moja, Amemaliza. Akawapa kibao cha plastiki chenye mikanda cha kuuegemezea mkono usijikunje, na kijitabu cha kufundisha mkono wa kushoto kufunga vifungo. Alimpa Mama Kola mkono wa kwaheri, wa kushoto.

Walifika nje kwenye benchi. Kitinda akamkalisha mama. "Kwa nini, Mama?" alisema. "Kwa nini umesema hivyo?"

"Angekuuliza kwa nini hukufanya," alijibu mama yake. "Ungemjibu nini?"

Kitinda alimwacha hapo na mkoba, akarudi mbio kwenye korido. Alisukuma mlango bila kubisha. Nyoosha alikuwa na mgonjwa mwingine, mzee anayekamua taulo. Ile karatasi ilikuwa ukutani tayari, imebandikwa kwa vipande vinne vya utepe wa gundi, juu ya kiti ambacho kila mgonjwa hukaa, ili kila mgonjwa aione.

"Sikufanya," Kitinda alisema. "Ni uongo. Nimefanya siku ishirini na nne tu. Zile nyingine nilizijaza jana. Na kidole kimeanza juzi, ni cha siku kumi na moja tu! Muongezee wiki sita. Nakuomba, muongezee."

Nyoosha alimshika bega, akamtoa taratibu mpaka mlangoni. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Dada," alisema, "kila ninayempa habari hizi anarudi. Wote mnarudi. Wiki iliyopita baba mmoja alipiga magoti hapohapo uliposimama, analia kwamba alikuwa anadanganya, kwamba mke wake hakufanyishwa zoezi hata moja. Ni mapenzi yanayowasemesha. Mnataka liwe kosa lenu, kwa sababu kosa linarekebishika."

"Lakini ni kosa langu! Nilikuwa nalala! Nilikuwa nakaa kitandani, nikirudi kutoka kazini nalala!"

"Mama yako mwenyewe kasema. Hata homa kaikumbuka."

"Kanificha!"

"Mama gani anaficha mkono wake mwenyewe?" Nyoosha aliuliza, na kwa kweli alitaka kujua, na Kitinda akashindwa kumweleza, maana jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko maneno aliyokuwa nayo. Akaonyesha ukutani. "Nipe basi ile karatasi."

"Niachie. Nataka wenzio waone kwamba inawezekana." Akampigapiga bega. "Umefanya kazi nzuri sana. Usijilaumu. Nenda kapumzike sasa, umestahili." Mlango ukafungwa, na nyuma yake sauti ikasema, "Haya, mzee, nyoosha!"

Njiani kaka mtu alipiga simu, Kitinda akampa mama, na mama akasema tumemaliza, tumesifiwa sana, na upande wa pili Ratiba alisikika akisema, "Si niliwaambia! Nidhamu!" Hakuna aliyecheka.

Nyumbani Kitinda aliongea mpaka koo likakauka. Alieleza mara mbili, mara tatu, kwamba Nyoosha alipima uongo, hakupima mkono. Kwamba hukumu ile haikuwa ya mkono huu, ilikuwa ya mkono mwingine, wa karatasi. Kwamba wataendelea wenyewe hapahapa, wiki sita, wiki sitini, nani atawazuia? Mama Kola alisikiliza mpaka mwisho.

"Yote uliyosema nayajua," alisema. "Mimi si ndiye niliyekuona ukijaza? Lakini nimemsikia kwa masikio yangu, mwanangu. Nilikuwa nakisukuma kidole kile kwa roho yangu yote, naye akaangalia rula akanyauka. Siwezi kukueleza. Kuna kitu kimekaa chini humu ndani, na nikikiambia kisimame hakisimami."

Kitinda alikijua kitu hicho. Alikijua kuliko mtu yeyote duniani, na alijua pia kwamba hakuna maneno yanayokisimamisha, kwa sababu naye aliambiwa maneno mengi. Wiki hiyohiyo Mama Kola aliwaita mafundi wenzake, akawagawia mashati yaliyokuwa yakimngoja. Cherehani aliiuza kwa fundi mmoja wa wale waliokuwa wakitoboa kola. Akasema, labda ataikuta adabu ndani yake.

Na sasa ndipo penye kichekesho, mwenye moyo wa kucheka na acheke. Asubuhi baada ya hospitali Kitinda aliamka mwenyewe. Mwili wake, uliomkatalia wiki zote zile, uliinuka saa kumi na moja bila kuitwa. Akaoga, akavaa, akaosha sufuria, akachemsha maji, akamwendea mama yake na taulo.

"Mama, tufanye."

"Nini?"

"Mkono."

Mama Kola akaunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akamwekea mapajani. "Haya, fanya," alisema. "Mgonjwa sasa ni wewe."

Kitinda akaanza kuhesabu. "Tuma nguvu, Mama. Sukuma kidogo tu." Kidole gumba kilikwenda alikokipeleka, kikarudi alikokirudisha. Upande wa pili hakuna aliyesukuma.

Alimaliza nusu saa nzima. Kesho yake akafanya tena, na kesho kutwa, Jumatatu na Jumanne na Jumapili, akiwa mzima na akiwa na mafua, mwaka wa pili huu. Hajakosa hata siku moja. Mama Kola humpa mkono, uso ameugeuzia dirishani, naye binti huhesabu mpaka nusu saa yake iishe, akaenda kazini.